Omega 3 ngapi zinafika kidonge kimoja cha ADHD?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 8, tuliambiwa ana ADHD, ile hali ya kukosa umakini na utulivu, na huu mwezi wa nne anatumia methilifenideti 10 mg asubuhi na mchana. Mwalimu anasema ametulia na anamaliza kazi zake, ila chakula cha mchana hagusi. Sasa kuna mtu kaniletea omega 3, zinki, chuma na "vitamini ya ubongo", anasema hizi ni za asili na ile ya hospitali ni kemikali, niiache. Naomba kujua nimpe omega 3 kiasi gani ili ifike nguvu ya kile kidonge? Na nikivichanganya vyote kwa sasa kuna shida? Mdogo wake wa mwaka na nusu naye anazililia hizo chupa, anadhani pipi.

JIBU: Marahaba mama. (Mimi mfamasia, ila dokta napokea tu, nshazoea.)

Hakuna kiasi. Hata umpe chupa nzima haifiki, na tafadhali usimpe chupa nzima. Hilo swali la "ngapi ni sawa na ngapi" naulizwa kila wiki na silaumu anayeuliza, namlaumu aliyemweka mzazi mahali pa kuuliza hivyo, mana ni kama kuuliza miche mingapi ya sabuni ni sawa na miwani moja. Methilifenideti inazuia dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopitisha ujumbe kwenye ubongo, zisirudishwe haraka kwenye seli za ubongo, inaanza kazi ndani ya saa moja na baada ya kama saa 4 imeisha, ndo mana anameza mara mbili. Omega 3 ni mafuta, yanaingia kwenye kuta za seli taratibu kwa wiki na wiki. Vitu viwili tofauti, havipimwi kwenye mizani moja.

Sisemi omega 3 ni takataka. Mwaka 2011 watafiti walikusanya majaribio 10 yenye watoto 699 wakaona faida ipo ila ndogo, ndogo kabisa ukiweka pembeni ya dawa. Halafu mapitio makubwa zaidi ya 2023 yakaonyesha kwamba wazazi wakipima umakini na utulivu wa watoto wao, waliopewa mafuta na waliopewa kidonge kisicho na kitu hawana tofauti ya maana. Kwa hiyo ukitaka kumpa juu ya dawa yake, kwa dozi ya kawaida ya umri wake, sina ugomvi, mwambie tu daktari wake. Kumwachisha dawa kwa ajili hiyo ndo nakataa.

Kuhusu kutokula: mlishe vizuri asubuhi kabla ya kidonge, na jioni dawa ikishaisha nguvu njaa itarudi, hapo mpe mlo wa maana hata kama umechelewa kidogo. Mpime uzito na urefu, kliniki wapime presha na mapigo ya moyo. Uzito ukishuka, daktari wake ndo anapunguza au anabadilisha, zipo nyingine kama atomoksetini ambayo inachukua wiki kadhaa mpaka ionekane. Usijipunguzie mwenyewe nyumbani. Basi, hilo limeisha, nirudi kwenye linaloniudhi.

"Ya asili" na "kemikali". Mama, chuma ni kemikali. Zinki ni kemikali. Zipo kwenye jedwali lilelile tulilokaririshwa shule. Mtu akikwambia kidonge chake si dawa ndo mana hakina madhara, muulize basi kinafanyaje kazi, maana kitu chenye nguvu ya kubadilisha ubongo wa mtoto lazima kina nguvu ya kumdhuru pia, na kisichoweza kumdhuru kabisa kwa dozi yoyote basi yaelekea hakifanyi chochote, achague moja. Kinachonikera zaidi ni kwamba mzazi huyohuyo dawa ya hospitali anasoma karatasi yake mpaka mstari wa mwisho, halali usiku, lakini chupa ya virutubisho anafungua na kugawa kama karanga.

Chukua zinki. Kwa mtoto wa umri wa mwanao kiwango cha juu cha kutwa kwa ujumla ni 12 mg, chakula kikiwemo humo humo. Nshawahi kuletewa mfuko una chupa tatu, kila moja imeandikwa zinki 10 mg, na hamna aliyekaa akajumlisha. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inazuia mwili kufyonza shaba, shaba ikipungua damu inapungua, na mtoto mwenye upungufu wa damu anachoka na hasikilizi darasani. Yaani umenunua ugonjwa uleule uliokuwa unaukimbia.

Chuma nayo inasaidia mtoto ambaye chuma yake iko chini, na hilo linajulikana kwa kipimo cha damu kinachoitwa feritini, halijulikani kwa kumwangalia usoni. Na sasa ile sentensi yako ya mwisho, ya mdogo wake na chupa, ambayo umeiandika kama kitu kidogo, mimi ndo imenishtua kuliko zote. Kidonge kimoja cha kawaida cha chuma, kile cha 200 mg, kina kama 65 mg za chuma yenyewe. Mtoto wa kilo 11 akimeza vinne tumbo linaanza kuvurugika, akifika kumi na kitu tunazungumzia sumu inayoweza kuua. Na ina ujanja wake mbaya: anatapika, anaharisha, halafu anaonekana kapata nafuu kwa masaa kadhaa, wazazi wanashusha pumzi wanaahirisha kwenda hospitali, kumbe ini linaharibika. Akimeza usisubiri dalili na usimtapishe, beba mtoto na chupa uende.

"Vitamini ya ubongo" sijui ina nini na wewe hujui, na wasiwasi wangu aliyekuuzia hajui pia. Nyingine zina guarana, ambayo ni mmea wenye kafeini, uiweke juu ya methilifenideti moyo wa mtoto unaweza kukimbia halafu tutasingizia dawa ya hospitali. Na lebo usiiamini kwa kuwa imechapwa vizuri. Mwaka 2023 huko Marekani walipima peremende 25 za melatonini, zile za kulalisha, 22 zilikuwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa, moja haikuwa na melatonini hata chembe, nyingine ilikuwa na zaidi ya mara tatu. Hizo zinauzwa kihalali kabisa, sasa fikiria ya kuletewa mkononi.

Najua aliyekuletea atakwambia "mbona kuna wazazi wameona mabadiliko". Wameona, siwaiti waongo. Ila 1994 walifanya jaribio moja ambalo nalipenda sana, mama 35 waliokuwa wanaamini sukari inawachangamsha vijana wao, nusu wakaambiwa mtoto kapewa sukari nyingi. Hakuna aliyepewa sukari, wote walipewa kinywaji cha utamu wa bandia. Waliodanganywa kuhusu sukari wakasema mtoto amekuwa mtundu zaidi, na wakawa wanamkosoa na kumfuata karibu zaidi. Macho ya mzazi yanaona alichoambiwa atakiona, yangu pia, ndo mana kwenye majaribio tunaficha nani kapewa nini.

Wauzaji hawa nshawajua mwendo wao. Hawaulizi mtoto ana kilo ngapi. Hawaulizi anatumia dawa gani, na wakijua ni klonidini, dawa nyingine ya ADHD inayoshusha pia presha, watakwambia achana nayo leo leo, wakati klonidini ikikatwa ghafla presha inaweza kupanda vibaya. Mtoto akitulia ni bidhaa, asipotulia hujampa ya kutosha, ongeza chupa, na akizidi kuharibikiwa eti "sumu inatoka mwilini". Kila jibu ni lao. Kwenye dawa ya kweli kuna jibu la kusema hii haikufaa, tuiache, na mimi nimelisema mara nyingi tu, siyo aibu.

Wewe zipeleke hizo chupa zote kwa daktari wake, au piga picha upande wa nyuma wenye viambato, siyo mbele penye picha ya ubongo unawaka taa. Kidonge cha kesho asubuhi mpe kama kawaida. Na ile chuma iweke juu, mahali ambapo hata akipanda kiti hafiki, ufanye hivyo sasa hivi halafu ndo urudi usome maswali ya wengine.