Usichimbe shimo kabla nyumba haijapimwa

Mkuu, usisaini hiyo ofa.

Nimerudia kusoma maelezo yako nisije nikakuelewa vibaya. Nyumba ya zamani, radieta (zile paneli za chuma ukutani zinazopitisha maji ya moto kupasha chumba) ni zile zile za enzi za boila ya gesi, yaani mtambo wa kuchemshia maji hayo. Muuzaji kaja, kauliza mita za mraba, kapiga hesabu kwenye simu, kisha kakuandikia pampu ya joto ya kilowati 16, ule mtambo wa umeme unaochota joto ardhini kwa mabomba yenye kimiminika na kulileta ndani, na mashimo mawili ya kushushia mabomba hayo, mita 120 kila moja. Sasa unauliza kama inalipa, kama mabomba yalazwe au yashushwe wima, mtambo una kelele gani, na kama utapoza nyumba wakati wa joto. Ngoja kwanza. Kuna swali moja ambalo huyo muuzaji alipaswa kuanza nalo na hakuligusa: usiku ule wa baridi kuliko yote katika mwaka, nyumba yako inapoteza joto kiasi gani?

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu niliuziwa hivyo hivyo, na namba zilikuwa karibu na hizo zako. Jamaa alikuja na tabasamu na kabrasha la picha za rangi, akazunguka nje ya nyumba, hakupanda darini, hakufungua dirisha hata moja, hakuhesabu radieta. Alipima mfuko wangu, nyumba hakuipima. Fundi nguo anayekata suti bila kukushikia futi ungemfukuza dukani, lakini huyu nilimkaribisha chai.

Hesabu halisi ya chumba kwa chumba ilikuja kufanywa baadaye sana, na mtu mwingine asiyeuza mtambo wowote. Aliangalia kuta, dari, sakafu, vioo na mianya ya hewa. Baada ya dari kuwekewa kihami joto, kile cha kuzuia joto lisitoroke, na milango kuzibwa vizuri, nyumba ilihitaji kilowati 8 tu usiku wa baridi kali. Nane! Nilikuwa nimelipia 16.

Sasa fuatilia maana yake chini ya ardhi, kwa sababu huko ndiko pesa zilikozikwa. Pampu ikifanya kazi kwa ufanisi wa 4, yaani kila yuniti 1 ya umeme (kilowati-saa moja) inakupa yuniti 4 za joto, robo ya joto inatoka kwenye umeme na robo tatu zinatoka ardhini. Kilowati 16 maana yake ardhi itoe 12. Wachimbaji wengi hukadiria wati 50 kwa kila mita ya shimo, ingawa mchanga mkavu hutoa chini ya hapo na mwamba mgumu au udongo uliojaa maji hutoa zaidi. Wati 12,000 gawanya kwa 50, unapata mita 240. Ndiyo mashimo yako mawili hayo. Kwa kilowati 8, ardhi inadaiwa 6 tu, yaani mita 120. Shimo la pili lote halikuwa na kazi. Na uchimbaji mara nyingi ndicho kipande kinene kuliko vyote kwenye gharama.

Mtambo uliokosewa unaweza kuung'oa ukauuza. Shimo huliuzi. Na mchimbaji analipwa kwa mita, kwa hiyo usitegemee kwamba ni yeye atakayekuambia mita zimezidi.

Hasara haikuishia hapo. Pampu kubwa kupita mahitaji inawaka, inapasha maji haraka, inazima, inawaka tena, siku nzima. Kila kuwaka kunailia maisha kompresa, ile mota ya kushindilia gesi ambayo ndiyo moyo wa pampu. Muuzaji nilipompigia akasema "itazoea". Itazoea nini? Kompresa si mtoto wa shule! Hata zile za kisasa zinazopunguza mwendo zina kiwango cha chini zisichoweza kushuka, na ukinunua kubwa mno, siku nyingi za mwaka utakuwa chini ya kiwango hicho.

Na usije ukaruka upande wa pili ukachimba kidogo ili kuokoa. Shimo fupi linanyonya joto jingi kuliko ardhi inavyoweza kurudisha. Mwaka hadi mwaka udongo unapoa, kimiminika kinarudi kikiwa chini ya nyuzi 0, ufanisi unashuka, na mwishowe kinawaka kile kipasha joto cha akiba ndani ya mtambo, ambacho kinakula yuniti 1 ya umeme na kukupa yuniti 1 ya joto. Hapo umenunua hita ya kawaida kwa bei ya kisima.

Halafu hizo radieta. Ukishuka mita 10 hadi 15, udongo haujali tena kama juu kuna jua au theluji. Joto lake linakaa karibu na wastani wa mwaka wa eneo lako. Kazi ya pampu ni kulipandisha kutoka hapo. Sakafu yenye mabomba inatosheka na maji ya nyuzi 35. Radieta ndogo za zamani zinaweza kudai 55 au zaidi, na kila nyuzi unayoongeza inakula takriban asilimia 2 hadi 3 ya ufanisi. Ndiyo maana "ufanisi wa 4" ulioandikwa kwenye karatasi yako hauna maana mpaka uulize: kwa maji ya nyuzi ngapi? Mimi sikuelezwa hilo na mtu yeyote. Lilikuwa kwenye maandishi madogo mwishoni mwa kabrasha.

Uliuliza kama inalipa. Chukua nyumba inayohitaji yuniti 20,000 za joto kwa mwaka. Kwa ufanisi wa 4 utanunua yuniti 5,000 za umeme. Kwa 2.5, kwa sababu ya radieta hizo, utanunua 8,000. Boila ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 90 ingekula yuniti 22,200 hivi za gesi. Kwa hiyo kama yuniti ya umeme kwako ni mara tatu ya bei ya gesi, ile ya 2.5 inakutia hasara kila mwezi hata kama shimo ungepewa bure, na ile ya 4 inakupa nafuu. Mtambo ni ule ule, ardhi ni ile ile. Tofauti imeletwa na nyumba.

Kuna hesabu nyingine ambayo muuzaji wa mashimo hatakufanyia. Pampu inayochota joto kwenye hewa ya nje haihitaji shimo. Tuseme kwako itakuwa na wastani wa 3 kwa mwaka. Ukiziba nyumba mpaka mahitaji yashuke kufika yuniti 10,000, ya hewa itakula 3,333 na ya ardhini 2,500. Shimo lako lote linapaswa kulipwa na tofauti ya yuniti 833 kwa mwaka. Zidisha kwa bei yako ya umeme, kisha uiweke kando ya bei ya uchimbaji. Mahali penye baridi kali na ndefu, ambapo pampu ya hewa inahangaika na barafu, ya ardhini inaweza kushinda vizuri, na mabomba yake ya plastiki huweza kukaa ardhini miaka 50 au zaidi. Siipingi teknolojia. Nyumba yangu ina joto na nimeridhika nalo. Nachopinga ni kuchimba gizani.

Kulaza au kushusha wima kunategemea eneo ulilonalo. Kulaza kunataka uwanja mpana uliofukuliwa mita 1 hadi 2, na ni nafuu kama uwanja upo. Mengine wadau watakujibu.

Wewe fanya hivi leo. Mpigie muuzaji umwambie akutumie kwa maandishi upotevu wa joto wa kila chumba, joto la nje alilotumia kwenye hesabu, na joto la maji litakaloingia kwenye radieta. Kama hana, usilipe hata malipo ya awali. Tafuta mtu wa kupima asiyeuza pampu wala kuchimba, umlipe yeye kwanza. Akishakupa hizo namba, zilete hapa tuzipitie pamoja kabla mashine ya kuchimba haijaingia getini.