Punguzo la marafiki katika pasi ya skii: nani hasa anayeokoa fedha?

SWALI: Mwanangu anasoma Denver, Marekani. Ananiomba nimsaidie kununua pasi ya msimu ya kuteleza kwenye theluji, akisema kuwa punguzo wanalopewa marafiki wa mwenye pasi litarudisha gharama yote. Mimi nauza mitumba sokoni Kibuye, na kiasi hicho kwangu ni mtaji wa marobota kadhaa. Je, asemayo ni kweli?
Mama Mzazi, Kisumu

JIBU: Mama, nimeipiga hesabu hii kwa makini, kwa kuwa najua shilingi ya Kibuye hupatikana kwa jasho. Mojawapo ya pasi zinazotumiwa sana Colorado, jimbo uliko mji wa Denver, ni Epic Pass, ambayo kwa msimu wa 2025–26 ilianza kuuzwa kwa dola 1,051, yaani takriban shilingi 135,000. Mwenye pasi hupata tiketi kadhaa za marafiki, ambazo humwondolea rafiki nusu ya bei ya siku inayotozwa dirishani, yaani kwa anayenunua tiketi siku ile ile mlimani. Mshindani wake, Ikon, kwa kawaida hupunguza robo tu.

Hapo ndipo mwanao anapokosea, ingawa siitilii shaka nia yake. Mgeni akiletwa kibandani kwako na mteja wako wa siku zote, nawe ukampunguzia bei ya koti, fedha hubaki mfukoni mwa mgeni. Mteja wako harudishiwi hata ndururu ya nguo alizokwisha kununua. Vivyo hivyo, tiketi hizo humfaidi rafiki, na masharti yanamkataza mwenye pasi kuziuza. Kitakachomrudia mwanao ni kile tu ambacho wenzake watachanga kwa hiari, kama vile mafuta ya gari, maana Vail, mojawapo ya milima ya kuteleza inayofunguliwa na pasi hiyo, iko kilomita 155 hivi kutoka Denver, pungufu kidogo ya safari ya Kisumu hadi Nakuru.

Hata kwa rafiki mwenyewe nafuu hiyo si kubwa kama inavyosikika. Bei ya dirishani ndiyo ya juu kuliko zote, na huko Vail hupita dola 300 siku zenye watu wengi, kwa hiyo nusu yake bado ni zaidi ya dola 150. Aliyepanga mapema akanunua pasi ya siku moja kabla ya msimu, mara nyingi hulipa chini ya hapo.

Pasi ya msimu hujilipa kwa siku ambazo mwanao mwenyewe atateleza, pamoja na punguzo la asilimia 20 analopata kwenye chakula na ukodishaji wa vifaa. Tena, siku hizo zilinganishwe na bei ya pasi za siku, zinazouzwa kuanzia siku moja hadi saba, wala si na bei ya dirishani.

Mwulize basi alikwenda mlimani mara ngapi msimu uliopita, si mara ngapi anatarajia kwenda. Zikiwa mbili au tatu, mlipie pasi ya siku hizo tu, na mfanye hivyo mapema, kwa sababu mauzo hufungwa mwanzoni mwa Desemba.