Nauli ya mshindi ni ya nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikianzisha shindano la nyimbo baina ya nchi, mfano wa Eurovision ya Ulaya, mwakilishi wa Tanzania achaguliwe na majaji au na wananchi kwa kura za simu? Nilisema palepale: majaji, tena majaji watupu. Kura ya simu ni mfuko. Mwenye ndugu wenye vocha ndiye anayeshinda. Tuliyaona kwenye Tusker Project Fame, lile shindano la uimbaji la Afrika Mashariki kwenye televisheni, ambako watazamaji walipiga kura kwa meseji. Taji lilikwenda Kenya, likaenda Uganda, likaenda Rwanda kwa Alpha Rwirangira mwaka 2009 na Burundi kwa Hope Irakoze mwaka 2013. Tanzania halikuja hata mara moja, na siamini kwamba hatuna sauti.

Lakini swali lenu limenigusa mahali pengine. Kuchagua ni kazi ya siku moja. Kumfikisha aliyechaguliwa ndiko kunakoniuma.

Zamani niliimba sauti ya nne katika kwaya moja ya mlimani, upande wa Old Moshi. Likatangazwa shindano la kwaya mjini, mshindi akauwakilishe mkoa Dodoma. Kila kwaya iimbe wimbo wa lazima na mmoja wa kuchagua. Ule wa lazima ulikuwa mgumu: katikati akina mama wananyamaza, wanaume wanabaki peke yao, na besi inashuka mpaka pale ambapo wengi huanza kunguruma badala ya kuimba. Mwalimu wetu, fundi seremala, alitukazania kipande hicho jioni baada ya jioni bila kinanda, akitupa sauti kwa mdomo, do-mi-so-do, mpaka watoto waliokuwa wakicheza nje ya kanisa wakakijua. Siku yenyewe kwaya za mjini zilikuja na vinanda na spika. Sisi tulishuka na canter, akina mama wamefunga sare zao za kitenge kwenye mifuko zisipate vumbi. Tulipofika kwenye kile kipande besi ilishuka, ikatua safi, na jaji mmoja wa makamo akaweka kalamu chini akawa anatufuatisha kwa midomo. Alama zilisomwa hadharani. Tukawa wa kwanza, na hakuna aliyebisha. Hata wale wa mjini walikuja kutupa mikono.

Ndipo tukaambiwa nauli na malazi ni juu yetu. Waandaaji hawakuwa wamelisema hilo kabla. Kila mwanakwaya akatoa mkungu wa ndizi, mama zetu wakateremsha sokoni Kiboriloni, wakakuta ndizi zimejaa na bei imeanguka. Tukafanya harambee baada ya ibada. Haikufika hata nusu ya gharama. Kukawa na wazo la kupunguza waimbaji, mwalimu akakataa, akauliza nani ataimba kile kipande. Kwaya iliyoshika nafasi ya pili ilikuwa na mfadhili mwenye basi, ikaenda yenyewe. Kwenye barua yao waandaaji wakaandika kwamba sisi tumeridhia. Hakuna aliyetuuliza. Sasa niambieni, mwakilishi wa mkoa alichaguliwa na nani? Majaji walishasema yao. Aliyechagua ni mwenye basi.

Ulaya nako hawajaliepuka hili. Eurovision ilianza mwaka 1956 huko Lugano, Uswisi, ikiwa na nchi 7 tu. Wanaoshiriki hasa ni vituo vya utangazaji, na kila kituo hulipa ada. Mwaka 2023 Montenegro na Macedonia Kaskazini zilibaki nyumbani kwa sababu ya gharama, ilhali kwa miaka mingi Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia na Hispania zilikuwa zikiingia fainali moja kwa moja, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikichangia zaidi.

Nikiyaandika haya, msimamo wangu unalegea. Kwenye fainali yao kura ni nusu kwa nusu, majaji na watazamaji, na hakuna anayeruhusiwa kuipigia nchi yake. Kura ya simu ni pesa, ndiyo, lakini ndiyo pesa tuliyoikosa sisi Kiboriloni. Mtu wa Marangu au Ngaramtoni akiambiwa wazi kwamba shilingi zake zinakwenda kwenye tiketi na chakula cha mshindi, atatuma. Mimi nitatuma.

Kwa hiyo wananchi wapige kura, majaji wabaki na nusu yao. Ila namba moja ya simu iwe kura moja, hata kama mapato yatapungua. Kilichokusanywa kitangazwe siku ileile ya matokeo. Usaili uje mikoani, usiishie Dar. Na pesa isipotosha, Jumuiya yenyewe, pale makao makuu Arusha, ijazie. Hilo likishindikana, bora tusipeleke mtu mwaka huo, kuliko kumpeleka wa pili na kuandika kwamba wa kwanza ameridhia.