Maswali ya Wasomaji: Kuna kripto bandia kama noti bandia?

SWALI: Nauza dagaa wakavu hapa Kibirizi. Mteja wangu wa Uvira anataka kunilipa kwa USDT, kripto (sarafu ya kidijitali) inayofuata thamani ya dola, badala ya dola taslimu. Anasema dola bandia zimezidi, ila kripto haighushiwi. Ni kweli? – Muuza dagaa, Kigoma

JIBU: Kwa bitcoin, mteja wako yuko karibu na ukweli. Kwa USDT, hapana, na hapo ndipo watu wanapolizwa.

Noti bandia hupita kwa sababu anayeipokea anaipapasa, anaitazama kwenye mwanga, kisha anaamua peke yake. Bitcoin huandikwa kwenye daftari ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Muamala usio na saini ya ufunguo wa siri wa mwenye salio, au wa salio lisilokuwepo, hukataliwa. Mara moja tu, Agosti 2010, kosa la programu liliruhusu kuundwa bitcoin zaidi ya bilioni 184 wakati kikomo ni milioni 21. Programu ilirekebishwa na sarafu hizo zikafutika ndani ya siku moja.

USDT ni tokeni, yaani sarafu iliyoundwa juu ya mtandao wa kripto uliopo tayari, na mwenyewe ni kampuni ya Tether. Kwenye mtandao wa Tron, ambao wengi huutumia kwa sababu ya wepesi wake, yeyote anaweza kuunda tokeni yake, akaiita USDT na kuipachika nembo ileile. Kwenye pochi yako ya kripto itasomeka 2,000 USDT, lakini hakuna atakayeinunua. Kinachoitofautisha USDT halisi ni anwani ya mkataba, yaani mfuatano wa herufi na namba unaotambulisha programu iliyoiunda tokeni: ile halisi huanza na TR7NHq na kuishia na Lj6t. Usiishie kwenye herufi hizo tu, maana matapeli hutengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho. Linganisha yote na iliyoandikwa kwenye tovuti ya Tether.

Siku ya mzigo, aanze kukutumia USDT 5. Fungua Tronscan, tovuti inayoonyesha miamala ya Tron, kwenye simu yako mwenyewe, weka anwani ya pochi yako, ubonyeze jina la tokeni uone mkataba wake. Usifuate kiungo alichokutumia yeye, na picha ya skrini usiihesabu kabisa. Subiri muamala uthibitishwe, kama dakika moja hivi, kisha uza hizo 5. Zikiuzika, atume zilizobaki, nazo uzikague vilevile kabla gunia halijapanda boti. Akidai pesa imekwama, umtumie ada ya kuifungua, achana naye.

Hata USDT halisi ina mtego: Tether inaweza kuifungia anwani inayohusishwa na wizi, salio likaonekana lakini lisitoke. Tena Benki Kuu ilitangaza mwaka 2019 kuwa kripto si fedha halali nchini, na tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Dola zake zipeleke benki zikakaguliwe na mashine. Kwa biashara ya dagaa, sisi tungechagua njia hiyo ya dola.