Ndiyo, niko Ujerumani na sina gari

Ndugu zangu wa Tanga, nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo. Eti nimekaa Bremen miaka yote hii, kumbe lile gari jeupe la kwenye picha si langu, kwa hiyo ama maisha yamenishinda ama nawaficha hela. Nimeudhika, na nitawajibu waziwazi.

Ni kweli, si langu. Ni la kampuni, linakaa mtaa wa pili pamoja na mengine, na wengi tumejisajili kulitumia kwa zamu. Nikilihitaji naliweka oda kwa simu. Nikifika nalizunguka kwanza kukagua mikwaruzo, maana usiporipoti kabla ya kuwasha, inahesabiwa yako. Kadi ya mafuta imo humo humo ndani, na ukirudisha tangi lisiwe chini ya robo. Unalipa saa na kilomita zako, basi. Bima, matairi, sevisi, yote juu yao. Ukichelewa utamkuta mwenzako kasimama pale na watoto na mizigo, na faini juu.

Wanaofanya hivi si watu walioshindwa. Mji huu uliweka vituo vya kwanza vya mtaani vya magari ya zamu mwaka 2003, na 2009 ukajiwekea lengo la watumiaji 20,000 wa magari hayo ifikapo 2020. Mwaka 2017 nchi nzima ikapata sheria ya kuyatengea magari haya maegesho. Gari la mtu binafsi hushinda limeegeshwa karibu siku nzima, na kabla halijatembea hata hatua moja, kiwanda kilishachoma nishati nyingi kulitengeneza. Gari moja likihudumia kaya nyingi, baadhi zinauza yao. Tena ukilipia kila kilomita, hulitoi gari kwenda kununua mkate, unapanda baiskeli. Hapo ndipo moshi unapungua. Yale magari ya zamu ya kuachwa popote mjini bila kituo siyasifii sana, maana wapo wanaoyachukua badala ya basi, na basi lilikuwa linapita vilevile.

Kinachoniuma mimi ni leseni, na hao wanaokuja likizo na miwani mipya hawawaambii. Leseni ya Tanzania hapa inatambuliwa miezi sita tu tangu uhamie. Ikiisha, ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, na bila leseni hata hilo gari la zamu hupewi. Mimi niliyeendesha Fuso Segera hadi Chalinze usiku, nikaketi darasani na watoto wa miaka 17, mwalimu ananifokea kila kona nigeuze shingo niangalie nyuma ya bega. Zaidi ya euro 2,000 zilikwenda. Ndiyo miezi ile sikutuma kitu, Mama akakopa hela ya dawa, mkasema nimewasahau. Sikuwasahau. Nilikuwa silali.

Mdogo wangu unayejiandaa kuja, usinunue gari huku. Soma Kijerumani, mtihani wa nadharia upo kwa Kiingereza na hata Kiarabu, kwa Kiswahili haupo. Leseni iache mwaka wa kwanza, tiketi ya mwezi ya tramu inakutosha. Hapana, ianze mapema, kuna kazi nyingi hupati bila leseni. Lakini usije na deni. Na uje, nitakupokea.

Lile ombi la gari la Japani lishushwe bandarini, situmi. Mko watu wazima wanne nyumba moja Chumbageni, kila mmoja anataka lake lishinde juani uani. Changeni mnunue moja, wekeni daftari la zamu na la mafuta, na mimi nitatia fungu langu. Shangazi na kliniki yake awe wa kwanza kwenye hilo daftari, mafuta ya safari zake zote ni juu yangu. Nitumieni bei, ila nitumieni na ushuru wake, maana ushuru ndio mnaousahau kila mara mnaponipigia hesabu.