Muulize Mchora Ramani: Mbona jumba la Kichina halina paa la Kichina?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Mwalimu alituonyesha picha za Jumba la Makumbusho la Suzhou, mji wa mashariki mwa China, akasema ni mfano wa jengo la kisasa lililozaliwa na nyumba na bustani za jadi za China. Mimi naona kuta nyeupe, vioo na pembetatu tu. Uchina wenyewe uko wapi? Hata paa halina zile pembe zilizokunjika juu.
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenigusa kidonda. Ujanani tajiri mmoja wa Dar es Salaam alitaka mgahawa "wa Kichina". Nikamchorea paa la pembe nne zilizobinuka kama omo la jahazi, nguzo nyekundu, taa za karatasi. Masika ya kwanza kila pembe ilivuja. Ndani nako wateja walikaa kwenye chumba kimoja cha mraba, kama kantini ya kiwanda. Nilikuwa nimeshona kofia nikasahau kichwa.

Kichwa nilikiona baadaye sana, nilipofika Suzhou. Nikushauri: ukienda, anza na bustani ya jirani, Zhuozheng Yuan, iliyoanza kujengwa mwaka 1509. Unaingia ukitegemea kuona ziwa, unakutana na kilima cha mawe. Unakizunguka, mara ukuta wenye dirisha la nakshi: maji yanaonekana vipande vipande, huwezi kuyafikia. Ujia mwembamba wenye paa unapinda, unapanda, unashuka. Kisha, upande mmoja, mnara wa hekalu lililo nje kabisa ya bustani unachomoza juu ya miti kama vile mwenye bustani aliujenga yeye. Wenyewe huita kuazima mandhari, na mkopo huo haulipwi.

Sasa toka, ingia kwenye jumba. Limepakana na bustani hiyo. Aliyelichora ni msanifu majengo I. M. Pei, mzaliwa wa Guangzhou mwaka 1917, ambaye ukoo wake ni wa Suzhou hasa. Ukoo huo uliwahi kumiliki Shizilin, bustani ya mawe iliyo hapo karibu, na Pei alicheza humo utotoni. Jumba lilifunguliwa Oktoba 2006, yeye akiwa na miaka 89.

Tazama alichofanya nyuma ya bwawa. Ukuta mweupe unaolitenga jumba na ile bustani ya kale ameugeuza karatasi. Mbele yake amesimamisha mawe yaliyopasuliwa bapa, marefu kwa mafupi, na ukisimama ng'ambo ya maji unaona safu ya milima kwenye ukungu, kama michoro yao ya wino. Juu ya ukuta inachungulia miti ya jirani. Ameazima tena! Nilikaa pale hadi mlinzi akaanza kunitazama vibaya.

Na paa? Vigae vya udongo vya kijivu vya mji ule vinapendeza, ila vinavunjika na kila mara anahitajika mtu wa kupanda kuvibadilisha. Pei akaweka vipande vya graniti ya kijivu iliyoiva. Mvua ikinyesha vinakuwa vyeusi tii, jua likiwaka vinapauka. Rangi za mji, nyeupe na kijivu, zimebaki vilevile, na majengo ameyaweka chini ili yasiwafunike majirani. Chini ya vioo vya paa kuna vipande vyembamba vya metali vyenye sura ya mbao vinavyochuja jua.

Kwa hiyo Uchina umo kwenye mwendo wa miguu yako na kile unachonyimwa kukiona kwa haraka. Hili si geni kwetu. Nyumba ya mawe ya Lamu nayo haikuoneshi kiwanda, yaani ua wa ndani, ukiwa mlangoni: unapita daka, ile baraza ya mlangoni, unapinda kwenye tekani, chumba kidogo cha kuingilia, ndipo ufike kwenye mwanga. Nyumba ya ua ya Beijing hufanya kazi hiyo kwa ukuta mfupi unaosimama mbele ya mlango, mgeni auzunguke. Watu wawili wasiojuana, aibu moja ya nyumbani.

Jaribu hivi. Chukua ramani ya jumba, funika paa, chora kwa penseli njia ya mgeni tangu langoni, na weka nukta kila anapoona maji. Nitumie mchoro.

SWALI: Nasikia kuna Mchina anayejengea vigae vya nyumba zilizobomolewa na akapewa tuzo. Huo si ubahili?
Fundi mwashi, Mombasa

JIBU: Ni Wang Shu, aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, mwaka 2012. Ubahili? Hebu jaribu wewe kujenga ukuta wa ghorofa kwa matofali na vigae vya umri na vipimo tofauti, halafu uniambie umeokoa nini kwenye siku za kazi. Kwenye makumbusho ya Ningbo, mji wa mashariki mwa China, yaliyokamilika mwaka 2008, alikusanya mabaki ya vijiji vilivyobomolewa eneo hilohilo. Ufundi wenyewe ni wa wanakijiji wa huko: kimbunga kikiangusha nyumba, waliokota vilivyobaki wakasimamisha ukuta upesi. Sehemu nyingine za kuta ni zege lililomiminwa kwenye fremu za mianzi badala ya mbao, na alama za pingili zimebaki ukutani. Pitisha kiganja utazihesabu.