Flipa imeungua mara mbili, nimeuziwa feki?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mi niko Chicago ila kwetu Tanga, kazi yangu umeme wa majumba. Mwaka mzima najenga pinboli (ile mashine ya kugonga gololi) ya Kingpin gereji, maana zile zenyewe za Capcom za 1996 zilitoka kama tisa tu kampuni ikaachana na pinboli, sasa mtu kama mimi ntaipatia wapi? Meza nimechonga kwa plaiwudi nikifuata picha, na rangi nimeshapaka zote. Juzi nikawasha volti 50, flipa ya kushoto (kile kimkono cha kugongea gololi) ikapiga safi, nikaishikilia juu nimrekodie bro video, mara moshi, koili (ule waya uliozungushwa unaoisukuma flipa) imevimba mpaka kile kichuma cha ndani kimenasa. Nikaweka ingine, yaleyale. Hizi koili feki au?

JIBU: Marhaba mdogo wangu. Feki wapi, umezikaanga mwenyewe! Koili ya flipa ina nyuzi mbili, ile nene ya kupigia ina ohm kama 4 tu, we fundi umeme hebu gawa 50 kwa 4, ampia 12 na nusu hizo, wati 600 na ushee kwenye kidude kinachoenea kiganjani. Hiyo ni ya mpigo mmoja wa kufumba na kufumbua. Flipa ikifika juu inatakiwa isukume kaswichi kadogo kaachie, umeme upite uzi mwembamba wenye ohm zaidi ya 100, hapo hata ukishikilia hakuna neno. Yako haiachii, au umeiunga moja kwa moja (usinifiche).

Zima umeme, weka mita kwenye koili, flipa ikiwa chini usome kama 4, inyanyue kwa kidole isome 100 na kitu. Namba isiporuka, pinda kale kachuma ka swichi taratibu mpaka iruke. Na fyuzi umeweka kweli? Kila koili iwe na daiodi pia (kale kanakopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake upande wa chanya.

Ila kilichoniuma ni rangi, maana huenda meza ukaichonga upya. Picha iliyopigwa kwa mshazari inakudanganya, vya mbali vinasinyaa. Gololi ni milimita 27 popote ilipo mezani, ipime kwenye picha mbele na nyuma, zikitofautiana basi njia zako za juu umezichonga nyembamba na gololi itakwama. Ipitishe kwa mkono leo, kabla hujanunua koili ya tatu.